Ghuba Ing'aayo Kuliko Zote, Njia ya Ndege Fupi Kuliko Zote: Karibi kwa Siku Nne

Jua na mchanga mweupe havitoshi kuwa sababu ya kuchagua kisiwa cha Karibi. Kuanzia Bahamas hadi Tobago mchanga upo, jua lipo, minazi ipo, na ukizitazama picha za matangazo huwezi kukitofautisha kisiwa hiki na kile. Mwenye wiki tatu anaweza kuzunguka akajionea mwenyewe. Mwenye siku nne, yule aliyeomba ruhusa kazini Dallas, Columbus au Toronto akaiunganisha na wikendi, hana muda wa kubahatisha. Ushauri wangu kwake ni kwamba achague kisiwa kwa jambo moja ambalo halipatikani kwingine duniani, au walau halipatikani kwingine katika bahari ile. Jambo hilo litampangia safari yote: aende mwezi gani, apande ndege ipi, alale wapi, abebe nini. Mambo ya namna hiyo Karibi inayo tele. Hapa nimeyakusanya yale yanayofikika kwa safari fupi za ndege, nyingi zikipitia Miami, njia panda ya bahari hiyo. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam ajue kwamba kufika tu kutamla zaidi ya siku nzima, kwa hiyo siku nne hazimfai. Yeye apange wiki mbili.

Karibu kuliko vyote

Kisiwa cha ng'ambo kilicho karibu zaidi na Miami ni Bimini, katika Bahamas, umbali wa kilomita 80 hivi. Ndege ndogo hutumia chini ya nusu saa, tena haipandi juu sana, kwa hiyo dirishani unaiona bahari ikibadilika kutoka buluu nzito ya mkondo mkubwa wa Florida hadi kijani cha maji ya kina kifupi. Bahamas ina visiwa kama 700, na vyenye watu ni 30 hivi tu. Ni nchi iliyolala chini kabisa: kilele chake kirefu, Mlima Alvernia wa Cat Island, kina mita 63. Ajabu yake iko kuelekea chini. Katika kisiwa cha Long Island kuna shimo la bahari liitwalo Dean's Blue Hole, lenye kina cha mita 202, na liko hatua chache tu kutoka mchangani. Mwaka 2016 mpiga mbizi wa New Zealand, William Trubridge, alizama humo hadi mita 102 kwa pumzi moja, bila mapezi miguuni, akarudi juu kwa nguvu za mikono na miguu yake mwenyewe. Hiyo ikawa rekodi ya dunia.

Safari hizi fupi zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 28 Oktoba 1927 kampuni ya Pan American, ambayo baadaye ilikuja kuizunguka dunia nzima, ilianza safari zake za ratiba kwa kubeba barua kutoka Key West, Florida, hadi Havana, kilomita 170 hivi tu. Leo Havana bado iko karibu vilevile, lakini mkazi wa Marekani akumbuke kwamba sheria ya nchi hiyo hairuhusu kwenda Kuba kwa utalii mtupu. Lazima safari yake iangukie katika mojawapo ya makundi yaliyoruhusiwa, na atunze kumbukumbu zake.

Njia ya ndege fupi kuliko zote

Saba, kisiwa cha Uholanzi, ni jabali la volkano lenye ukubwa wa kilomita za mraba 13 na wakazi wapatao 2,000. Halina ufukwe wa kudumu. Mahali pamoja mchanga huja na kuondoka kwa msimu, basi. Hata hivyo, nikiulizwa kisiwa kimoja cha Karibi cha kwenda kwa siku chache, hicho ndicho ninachokitaja kwanza.

Uwanja wake wa ndege, Juancho E. Yrausquin, una njia ya kurukia yenye urefu wa mita 400. Duniani hakuna njia fupi kuliko hiyo inayotumiwa na ndege za abiria zenye ratiba. Kwenye kisiwa jirani cha St. Maarten, ambako ndege kubwa hutua, njia ina mita 2,300, na bado marubani huihesabu kuwa si ndefu. Hapa Saba kila ncha ya njia inaishia kwenye genge linaloshuka moja kwa moja baharini, na upande mmoja mlima umesimama kama mwenye kusubiri. Kwenye ncha zote mbili pamechorwa alama kubwa ya X, kumwonya rubani yeyote anayepita kwamba uwanja huu haukufunguliwa kwa kila ndege. Wanaotua ni wale wenye kibali na mafunzo ya mahali hapo.

Ndege inayokupeleka ni Twin Otter ya kampuni ya Winair, yenye mabawa juu na pangaboi mbili, na abiria wake hawafiki 20. Kutoka St. Maarten ni robo saa tu. Kaa viti vya mbele ukiweza, kwa sababu juu ya bega la rubani utaona kila kitu. Kwanza kisiwa kizima kinatokea kama ukuta wa kijani uliofunikwa wingu kichwani. Kisha ndege inashuka, inauelekea ukuta ule, na kwa muda hakuna njia ya kutua inayoonekana popote. Halafu inapinda, na kile kipande cha lami kinajitokeza juu ya mawimbi. Magurudumu yanagusa chini, pangaboi zinanguruma kinyume, mkanda unakubana kifuani, na ndege inasimama ikiwa bado na njia mbele yake. Abiria wageni hupiga makofi. Wenyeji wanakusanya mifuko yao ya manunuzi.

Mtu wa kwanza kutua pale alikuwa rubani Remy de Haenen, mwaka 1959, baada ya wenyeji kuondoa mawe kwa mikono yao wenyewe kwenye kipande pekee cha ardhi tambarare walichokuwa nacho. Uwanja ulifunguliwa 1963. Kabla ya hapo mgeni alifika kwa mashua, akaruka ufukoni mawimbi yalipotulia, akapanda ngazi ya mawe yenye vidato kama 800 iliyochongwa jabalini. Kila kitu kilichoingia kisiwani kilipanda ngazi hiyo juu ya kichwa cha mtu.

Na barabara je? Wahandisi wa Kiholanzi walisema haiwezekani kujengwa kwenye miteremko ile. Mkazi mmoja, Josephus Lambert Hassell, hakukubali. Alisoma uhandisi wa barabara kwa njia ya posta, akawaongoza wenzake, na kuanzia 1938 wakaichonga kwa mikono, hatua kwa hatua. Gari la kwanza lilifika kisiwani 1947. Barabara hiyo ndiyo utakayopanda nayo kutoka uwanjani, kona juu ya kona, kuelekea kijiji cha Windwardside, ambako nyumba zote zina kuta nyeupe na mapaa mekundu. Kwangu mimi rekodi kubwa ya Saba ni hiyo, hata kama haimo katika kitabu chochote cha rekodi: watu wachache, wasio na mashine wala mhandisi wa kutumwa, waliojijengea njia ya kwenda ulimwenguni na kiwanja cha kuupokea.

Juu ya vijiji kuna Mlima Scenery, unaokaribia mita 880. Tangu Saba iwe sehemu ya Uholanzi kwa mpangilio mpya tarehe 10 Oktoba 2010, mlima huo ndio mahali pa juu kabisa katika nchi ya Uholanzi. Kabla ya hapo sifa hiyo ilikuwa ya kilima cha mita 322. Njia ya kupanda ina vidato zaidi ya elfu moja, imezungukwa na msitu wa ukungu, kangaga na miti iliyovaa kuvumwani. Ondoka asubuhi, maana mchana wingu hufunga kila kitu.

Kwa kuwa lazima upitie St. Maarten, tazama na rekodi zake. Kisiwa hicho cha kilomita za mraba 87 kimegawanywa kati ya Ufaransa na Uholanzi tangu mkataba wa 1648, na hakuna kisiwa kidogo zaidi ya hicho chenye watu, kilichozungukwa na bahari, kinachomilikiwa na mataifa mawili. Mpaka unauvuka bila kuoneshwa pasi. Mwisho wa njia ya ndege kuna ufukwe wa Maho, ambapo ndege za masafa marefu hupita chini sana juu ya vichwa vya waogeleaji. Uzishuhudie kutoka pembeni. Wapo wanaoshikilia ua wa uwanja ili wapigwe na upepo wa injini wakati ndege inaondoka. Mwaka 2017 mtalii mwanamke kutoka New Zealand alikufa kwa kutupwa na upepo huo. Mabango ya onyo yamewekwa palepale, na yanasema kweli.

Ghuba ing'aayo kuliko zote

Vieques ni kisiwa kidogo mashariki ya Puerto Rico. Kusini mwake kuna Mosquito Bay, ghuba ambayo kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua mwaka 2006 kuwa ndiyo yenye mng'ao mkali kuliko zote duniani. Mng'ao hautokani na taa wala mwezi. Maji yale yamejaa viumbe vya seli moja, visivyoonekana kwa macho, ambavyo vikiguswa hutoa mwanga wa buluu kwa nukta moja kisha huzima. Ghuba ina mlango mwembamba, kwa hiyo maji hayatoki ovyo na kuvichukua, na mikoko iliyoizunguka huvilisha kwa majani yanayooza.

Utaingia kwa kayaki, usiku, ukiwa na mwongoza wageni. Kuogelea kumekatazwa, kwa sababu mafuta ya ngozi na dawa za mbu huviua viumbe hivyo. Tumbukiza kasia: linatoka limevaa mwanga hadi ncha. Samaki akishtuka chini ya mtumbwi, unaona mstari wake wote alivyokimbia. Chota maji kwa kiganja, yanyunyize mkononi, na cheche ndogo zitakimbia juu ya ngozi hadi kwenye kiwiko. Hakuna kamera ya simu inayoweza kukuletea hayo nyumbani, lazima uende.

Hapo ndipo mpango wa safari unapoanzia. Mwezi mpevu huufuta mng'ao wote. Tafuta usiku wa giza, kuzunguka mwezi mwandamo. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana bahati, maana anajua bila kuuliza: siku za mwisho wa mwezi na zile chache za mwanzo. Kata tiketi kwa kuufuata mwezi, kisha ndipo utazame bei. Kutoka Miami hadi San Juan ni saa mbili na nusu hivi. Kutoka San Juan ndege ndogo inakufikisha Vieques kwa nusu saa, au ushuke kwa barabara hadi Ceiba upande kivuko.

Ghuba hii imeponea chupuchupu mara mbili. Kwa miongo kadhaa jeshi la majini la Marekani lilikuwa likifanya mazoezi ya mabomu Vieques. Mwaka 1999 mlinzi wa kiraia, David Sanes, aliuawa na bomu lililokosea shabaha, na wakazi wakaandamana, wakapiga kambi kwenye uwanja wa mazoezi, wakakamatwa, wakarudi. Jeshi liliondoka tarehe 1 Mei 2003 na sehemu kubwa ya ardhi ikawa hifadhi ya wanyama. Kisha Septemba 2017 Kimbunga Maria kikaivuruga ghuba, ikazimika kwa miezi. Iliwaka tena yenyewe, ilipoachwa itulie.

Kongwe kuliko yote

Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, iko saa mbili na kidogo kutoka Miami. Ulianzishwa na Wahispania katika miaka ya 1490, na ndio mji wa Wazungu uliokaliwa bila kukatika kwa muda mrefu kuliko wote katika Amerika. Kanisa lake kuu ni la kwanza katika bara hilo. Mji mkongwe wote unatembelewa kwa miguu, na mtu aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Mombasa au Unguja atajikuta anatembea bila ramani.

Lakini msomaji Mwafrika asiishie kwenye kanisa. Desemba 1521, katika shamba la miwa la Diego Colón, mwana wa Christopher Columbus, Waafrika waliotekwa waliinuka dhidi ya mabwana zao. Huo ndio uasi wa kwanza wa Waafrika katika Amerika ulioandikwa kwenye kumbukumbu. Wiki chache baadaye, Januari 1522, watawala wakatunga sheria za kuwabana watumwa, za kale kuliko zote zinazojulikana upande ule wa dunia. Kwa upande wa Amerika, sukari, utumwa wa Waafrika na uasi wao vyote vilianzia kisiwa hiki. Na upande wa pili wa kisiwa hichohicho, mwaka 1804, Haiti ikawa jamhuri ya kwanza ya watu weusi huru. Baada ya uhuru walijenga juu ya mlima Citadelle Laferrière, mojawapo ya ngome kubwa kabisa katika Amerika, ili Wafaransa wasithubutu kurudi. Kwa hali ya usalama ilivyo sasa siwezi kumshauri mtu aende Haiti kwa mapumziko, na ninaandika hivyo kwa uchungu, maana kama kuna jengo moja la Karibi ambalo kila Mwafrika alipaswa kusimama mbele yake, ni hilo.

Kwa haraka, haya pia ni ya Karibi. Ndege wa Kuba aitwaye zunzuncito ndiye mdogo kuliko wote duniani: uzito wake ni gramu 2 hivi. Barbados ina nyoka mdogo kuliko wote, sentimita 10, aliyetambulishwa kisayansi 2008. Trinidad ina ziwa la lami la La Brea, hazina kubwa kuliko zote ya lami ya asili. Tobago ina msitu wa Main Ridge, uliolindwa kwa sheria tangu 1776, kabla ya msitu mwingine wowote upande huo wa dunia. Jamhuri ya Dominika ina kilele cha juu kuliko vyote Karibi, Pico Duarte, karibu mita 3,100, na pia Ziwa Enriquillo lililo takriban mita 40 chini ya usawa wa bahari. Pico Duarte peke yake hula siku mbili au tatu za kutembea, basi usiichanganye na kingine.

Wakati wa kwenda

Msimu wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Septemba. Usiudharau. Kimbunga Kikuu cha Oktoba 1780 kiliua watu wapatao 22,000 katika visiwa vya mashariki, na hakuna kimbunga cha Atlantiki kilichoua zaidi. Tarehe 28 Oktoba 2025 Kimbunga Melissa kiliingia Jamaika kikiwa cha daraja la 5, kikali kuliko chochote kilichowahi kuipiga nchi hiyo. Tiketi rahisi za Septemba ni rahisi kwa sababu hiyo. Katikati ya Desemba hadi Aprili ni kukavu na bei iko juu. Mimi napendelea Mei, wageni wengi wameshaondoka na msimu bado haujafunguka.

Kama likizo yako ni Septemba na haihamishiki, nenda Aruba. Iko kusini kabisa, karibu na pwani ya Venezuela, na vimbunga karibu vyote hupita kaskazini yake. Ni miongoni mwa visiwa vikavu kuliko vyote vya Karibi: mvua ya mwaka mzima haifikii milimita 500. Upepo wake ni kama kaskazi isiyopokewa na kusi. Unatoka upande mmoja mwaka mzima, hadi miti ya divi-divi imeinama yote kuelekea kusini-magharibi na kubaki hivyo. Kofia isiyo na kamba usiibebe. Wakati wa kurudi, ukaguzi wa uhamiaji wa Marekani unafanyika hukohuko Aruba kabla ya kupanda ndege, kama ilivyo Nassau pia, kwa hiyo fika uwanjani mapema sana.

Karatasi zako

Hili limewaharibia wengi safari kuliko kimbunga. Kutoka Marekani kwenda kisiwa cha nchi nyingine ni rahisi. Kurudi ndiko kwenye kazi. Mwenye kadi ya ukaazi aibebe yenyewe, si picha yake kwenye simu. Mwanafunzi ahakikishe fomu ya chuo ina saini ya kusafiria, na viza yake haijaisha. Aliyeomba hifadhi au anayesubiri ukaazi asitoke bila kibali cha kurudi, na kwanza amwone mwanasheria. Puerto Rico na visiwa vya Virgin vya Marekani ni safari za ndani, ila anayeondoka visiwa vya Virgin kwenda bara hukaguliwa hati zake, na mizigo ya kutoka Puerto Rico hukaguliwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa ajili ya matunda na mimea. Kwa visiwa vingine uliza ubalozi wa kisiwa husika kwa pasi uliyonayo wewe, ya Kenya, Tanzania, Kongo au Burundi, kwa sababu masharti hayafanani. Na anayetoka Afrika Mashariki akipitia Miami akumbuke kwamba Marekani hudai viza hata kwa anayebadilisha ndege tu.

Ukichagua Saba, panga hivi. Siku ya kwanza Miami hadi St. Maarten, na ndege ya mchana kwenda Saba. Siku ya pili mlima. Siku ya tatu, asubuhi, tazama matumbawe kwa miwani, kisha rudi St. Maarten jioni ulale huko. Mzigo uwe mdogo, maana Twin Otter ina kikomo kikali cha uzito. Na tiketi ya kurudi Miami ikate ya siku ya nne, usiiunganishe na ndege ya Saba siku ileile: upepo ukikaa vibaya kwenye zile mita 400, rubani hataruka, na atakuwa sahihi.